Nilikwenda Kuomba Kipindi cha Redio

Nilipewa dakika tano. Mbele yangu walikaa watu watatu, wanawake wawili na mwanamume mmoja, katika chumba kidogo cha redio moja ya jamii hapa Liverpool. Mezani palikuwa na sahani ya biskuti ambazo hakuna aliyezigusa. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikalala saa tatu tu, nikajifunga mtandio wangu mzuri, nikaenda. Nilikuwa naomba saa moja kwa wiki ya muziki usiozoeleka na visa vya watu ambavyo havisikiki kila siku.

Nilijieleza vizuri, Alhamdulillah. Tatizo ni kwamba dakika ya nne nilisema jambo ambalo halikuwa langu kulisema. Nimeamua kuwasimulia wenzangu wa ughaibuni kwa sababu wengi wetu huku tunafanya kazi za kutunza watu, na wengi wetu, tuseme kweli, tuna midomo.

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja, ule upande wa mji ulio ng'ambo ya Mji Mkongwe. Mama hunitania: "Wewe ulizaliwa Ng'ambo, ukaenda kuishi ng'ambo." Nilisomea stashahada ya uuguzi nyumbani, nikafanya kazi miaka minne, kisha nikaja Uingereza. Nikafanya mitihani ya usajili, ule wa kompyuta na ule wa vitendo, na baadaye nikasoma shahada huku nikiwa kazini. Sasa nina miaka 36, mume, mtoto wa kiume wa miaka tisa, na wodi ya wazee.

Watu huniuliza, muuguzi na redio wapi na wapi? Aliyekulia nyumba kama yetu haulizi. Matangazo ya vifo yakianza, watoto tulinyamazishwa, hata aliyekuwa akitwanga aliweka mchi chini. Na Redio Tanzania ilikuwa na kipindi cha Ugua Pole, cha kuwapelekea wagonjwa salamu mahospitalini. Bibi yangu hakuwa na mgonjwa huko bara, lakini alikisikiliza mpaka mwisho, na kwa kila jina aliitikia, "Mungu amjaalie nafuu." Nilipofika hapa nikakuta hospitali nyingi zina redio zao, zinazoendeshwa na watu wa kujitolea. Ni desturi iliyoanza tangu miaka ya 1920. Mtu huzunguka vitandani akiwauliza wagonjwa wangependa wimbo gani. Siku ya kwanza kumwona mtu yule na daftari lake nilimkumbuka bibi, nikaingia chooni nikalia kidogo, nikarudi kazini.

Sasa nije kwenye sanduku.

Wazanzibari mtanielewa haraka, na wengine nitawaeleza. Taarab yetu kubwa ina ganuni, udi, fidla nyingi na watu waliokaa kwa heshima. Kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905. Lakini harusi za mitaani zina mdogo wake, nayo ni kidumbak. Hapo utakuta fidla moja, vidumbak viwili vya kupigwa kwa mikono, cherewa, mkwasa, na badala ya besi kuna sanduku. Ni lile sanduku la mbao nyembamba lililokuja na majani ya chai. Linageuzwa mdomo chini, linatiwa mti na kamba moja. Mpigaji anaukaza na kuulegeza ule mti, na sauti inapanda na kushuka. Ukiwa karibu, unaisikia tumboni kabla ya masikioni.

Mjomba wangu ni mpiga sanduku. La kwanza alilitengeneza akiwa kijana, kutoka dukani kwa babu, na kwa bahati mbaya majani ya chai yalikuwa hayajaisha ndani. Aliyamwaga kwenye gunia la unga. Babu alimfukuza nyumbani, akalala kwa rafiki yake miezi miwili. Kwa familia yetu kidumbak ilikuwa ngoma ya wahuni, wanawake wanakata viuno, na jina la mjomba halikutajwa mbele ya wageni. Hata mimi, nilipokuwa chuo cha uuguzi, nikimwona barabarani na sanduku lake kwenye baiskeli, nilivuka nikapita upande wa pili. Haya nayasema kwa aibu.

Na katika wodi yetu alikuwepo mzee mmoja. Juu yake nitasema mambo matatu tu, na mbele mtaona kwa nini ni matatu. Mwaka 1957 alikuwa kijana hapahapa Liverpool. Alikuwa mpiga sanduku la chai katika kikundi cha muziki. Na kamba ya sanduku lake ilikuwa kamba ya mama yake ya kuanikia nguo.

Aliponiambia hivyo usiku mmoja nilidhani sijasikia vizuri. Nikaenda kusoma, nikakuta ni kweli tupu. Katika miaka ile vijana wa Uingereza waliingiwa na wazimu wa muziki ulioitwa skifo, hasa baada ya Lonnie Donegan kuvuma mwaka 1956. Fedha hawakuwa nazo, basi walipiga gita la bei nafuu, ubao wa kufulia nguo uliokwaruzwa kwa kastabini vidoleni, na sanduku la chai lililotiwa mpini wa ufagio na kamba. Kikundi cha kwanza cha John Lennon, Quarrymen, kilikuwa na sanduku hilo. Tarehe 6 Julai 1957 walipiga kwenye sherehe ya kanisa mtaa wa Woolton, na siku hiyo ndipo Lennon alipojulishwa kwa Paul McCartney.

Fikirini. Miji miwili ya bandari, mmoja kwetu na mmoja huku, na vijana wasio na kitu wakaokota sanduku lilelile la chai wakalifanya besi, bila ya huyu kumjua yule. Nikamwambia mzee kwamba mjomba wangu hupiga kitu hichohicho. Akaniangalia kama ninayempoza apate usingizi.

Kipindi changu kilizaliwa usiku ule. Nikaanza kukusanya. Niliweka kisa cha Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyetembeza vyungu vya kuuza, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Nikaweka tashkota, kinanda kidogo chenye nyuzi na vitufe kama vya taipureta, kilichobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, kikaishia kuwa chombo cha taarab ya Mombasa. Nikamweka Hukwe Zawose, Mgogo aliyelichukua zeze na ilimba za Dodoma akazunguka nazo ulimwengu. Na kipindi cha kwanza kabisa nilikiita Sanduku: kidumbak na skifo, bega kwa bega.

Redio ilitaka vitu vitatu. Karatasi moja ya maelezo, orodha ya vipindi sita vya mwanzo, na sampuli ya dakika tatu. Sampuli niliirekodi kwa simu, nimejifunika blanketi ili mwangwi wa chumba usiingie, na mwanangu amesimama mlangoni kuzuia baba yake asiwashe mashine ya kufulia. Sauti ya mjomba nilikuwa nayo tayari. Dada yangu aliichukua kwenye harusi ya binamu akanitumia kwa WhatsApp.

Basi siku ya siku ikafika. Dakika ya kwanza na ya pili zilikwenda sawa. Katika ya tatu mwanamke mmoja aliniuliza kwa upole kama sipendelei kufanya "saa ya Afrika" Jumamosi mchana, muziki wa kuchezeka, watu wafurahi. Nikamjibu kwamba muziki wa kuchezeka naupenda, lakini nataka msikilizaji wa Liverpool asikie kidumbak akasema, mbona hiki ni cha babu yangu. Nikaona hawajashawishika. Mwanamume alikuwa akiangalia saa.

Ndipo nikamtoa mzee.

Jina sikulitaja. Nilijiona mjanja kwa hilo. Lakini nilitaja mtaa aliokulia, nikataja kazi aliyoifanya maisha yake yote, na kwa kutaka kuwagusa mioyo nikaongeza jambo moja la nyumbani kwake, jambo aliloniambia saa tisa za usiku akiwa hapati usingizi. Sitaliandika hapa. Nilieleza vizuri mno. Yule mwanamke aliyetaka saa ya Afrika akajifuta jicho. Na mwanamume aliyekuwa akiangalia saa akainua kichwa, akasema, "Nadhani namjua. Alikuwa akifanya kazi na baba yangu. Sikujua kama mambo yamefika huko."

Nilihisi miguu imekufa ganzi. Dakika tano zikaisha, wakanishukuru, wakasema wamependa sana, hasa kile kisa. Nikatoka, nikakaa kituo cha basi, nikaacha mabasi mawili yapite.

Ndugu zangu, siri ya mgonjwa si jambo dogo. Baraza la Uuguzi na Ukunga la huku limeliandika wazi katika kanuni zake, na hata bila ya kanuni, nyumbani tulifundishwa kwamba aliyekuvulia nguo zake amekukabidhi. Nilianza kujitafutia njia. Jina sikutaja. Yule bwana amesema "nadhani" tu. Mzee hatajua. Mume wangu alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza swali moja tu: "Angekuwa mama yako?"

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa meneja wa wodi, nikamweleza yote kabla sijavua koti. Hakunipigia kelele. Aliandika, akaniambia litachunguzwa, na kwamba mgonjwa ana haki ya kujua. Tukaenda pamoja kitandani kwake. Nimeshawahi kuwapa watu habari za misiba, lakini maneno yale yalikuwa mazito kuliko yote niliyowahi kuyatamka kando ya kitanda.

Mzee alinyamaza. Kisha akasema, "La sanduku ungeweza kulitangaza mji mzima. Lile jingine lilikuwa langu." Akageukia ukutani.

Zamu mbili zilizofuata aliomba muuguzi mwingine ampe dawa. Ilikuwa haki yake. Mimi nilipita na toroli, nikasema habari za asubuhi, naye akajibu kwa adabu kama mtu anayejibu mgeni. Ofisini nilipewa onyo, nikaandika maelezo marefu ya nilichokosea na nitakachobadilisha. Redio nayo niliipigia. Nikaomba kisa kile kifutwe kwenye maandishi yao na yule bwana asikipeleke kokote. Nikawaambia pia kwamba naliondoa ombi langu.

Usiku ule nikampigia mjomba. Sababu ni kwamba nilipokuwa naandika yale maelezo niligundua kwamba hata yeye sikumwomba. Sampuli yangu yote ilisimama juu ya sanduku lake, na yeye hana habari.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Hujambo na baridi yako?"

Nikamweleza. Akacheka, kisha akanyamaza, nikasikia akivuta kiti.

"Umewapigia wimbo gani?"

Nikamtajia.

"Wote?"

"Hapana mjomba, dakika moja tu."

"Ukakata wapi?"

Nikamwambia nilipokata. Akaguna. "Hapo fidla haijaingia! Sasa hao Wazungu wamesikia nini? Wamesikia mtu anagonga sanduku." Akanipa masharti yake. La kwanza, wimbo upigwe wote. La pili, wale wapiga vidumbak wawili wanaosikika mle, ambao wote wameshafariki, watajwe kwa majina yao kamili pamoja na mitaa yao, na niwaulize watoto wao kwanza. La tatu, nisiseme alifukuzwa nyumbani mpaka nimuulize mama, kwa sababu, alisema, "aliyefukuza ni baba yake pia, si wangu peke yangu."

Hilo la tatu ndilo lililonikaa. Mtu amefukuzwa yeye, amelala nje yeye, na bado anaona kisa hakitoshi kuwa chake peke yake.

Mama alikataa mara ya kwanza. "Miaka yote hiyo tumestiri, leo ukatangaze Ulaya?" Sikubishana naye. Baada ya wiki moja akanitumia ujumbe wa sauti, wa dakika nane, akinisimulia siku ile ya gunia la unga. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea kaka yake chakula kila jioni, amekificha ndani ya kanga, na babu alijua, akajifanya haoni. Mwisho wa ujumbe akasema, "Ukisema alifukuzwa, basi sema na hili."

Tazameni nilichokuwa nakikosa. Nilikwenda redioni na kisa cha kijana aliyefukuzwa kwa ajili ya sanduku. Kisa chenyewe kilikuwa na dada mwenye sahani na baba aliyeangalia pembeni, na kisingenifikia kama nisingeomba ruhusa.

Mzee naye, siku chache kabla ya kutoka hospitali, aliniita. Akasema, "Nionyeshe huyo mjomba wako." Wakati wa mapumziko yangu nikampelekea simu, nikamwekea wimbo wote, zaidi ya dakika saba. Dakika ya pili kidole chake kilianza kugonga meza ya kitanda. Fidla ilipoingia akatikisa kichwa, akasema, "Huyu anajua. Sisi tulikuwa tunagonga tu." Sikumwomba kitu. Meneja alikuwa ameshanieleza: mgonjwa haombwi kisa akiwa kitandani, anayemtegemea muuguzi kwa maji na dawa hana nafasi ya kusema hapana. Akitaka mwenyewe, akishafika kwake, redio ipo.

Majuma yakapita. Siku moja redio ikanipigia. Bwana mmoja mzee amepiga simu, hataki kuhojiwa, lakini ametoa sentensi tatu za kusomwa hewani ikiwa "yule muuguzi wa sanduku" atapewa kipindi chake. Mnazijua tayari. Ni zile tatu nilizowapa juu, na hapa pia naishia hapohapo.

Nilirudi katika chumba kile nikiwa na karatasi mpya. Juu kabisa niliandika kanuni za kipindi, kabla ya orodha ya nyimbo. Kila anayesimulia anaulizwa mara mbili, mwanzo wa kurekodi na baada ya kujisikia. Akibadilisha mawazo hata siku ya kurusha, kinatolewa. Hakuna kisa cha mgonjwa, hata bila jina. Na wimbo ukianza, unamalizika. Yule bwana wa saa alisoma, akauliza, "Hata wa dakika saba?" Nikamwambia hasa wa dakika saba. Walinipa vipindi sita vya majaribio, Jumapili usiku.

Kwa wanaofikiria kuomba kipindi katika miji yenu, nina machache. Isikilizeni redio hiyo mwezi mzima kwanza, mjue wanakosa nini. Andikeni karatasi moja, si tano. Pelekeni sauti, kwa sababu redio haisomwi. Ulizeni nani anashughulikia leseni za muziki, kwa kawaida ni redio yenyewe, lakini ulizeni. Msikubali kuwa "saa ya Afrika" ikiwa mna jambo mahususi zaidi la kusema. Na kabla ya yote, pigeni simu nyumbani.

Kipindi cha kwanza kilirushwa. Nilizisoma zile sentensi tatu polepole, nikaweka skifo, kisha nikawataja marehemu wawili kwa majina na mitaa yao, na sanduku la Ng'ambo likaingia. Nyumbani mwanangu alikuwa amekaa na baba yake, ameambiwa ndiye fundi mitambo wa familia. Unguja ilikuwa usiku wa manane, lakini mjomba alikuwa macho, anasikiliza kwa simu ya jirani.

Ujumbe wake ulifika kabla sijavua vifaa vya masikioni. "Fidla imeingia, ahsante. Lakini mbona mwishoni umezungumza juu ya cherewa?"

Kwa mzee sijasikia lolote, na sijamtafuta.